Mviringo Usio na Mshale

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akichorwa ubaoni na Mwalimu wetu wa jioni kama mviringo usio na mshale, mtu huyo hamalizi mwaka. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Ziwa Kivu lina maji. Aliyeniambia ni jirani yangu wa benchi, fundi wa simu wa mtaa wa Birere, na alikuwa na ushahidi: mlinzi wa shule alichorwa bila mshale, akatoweka, binti mmoja wa Beni tuliyesoma naye alichorwa bila mshale, akatoweka, mpishi wa kantini hakumaliza hata mwezi.

"Watatu," fundi aliniambia, akiinua vidole vitatu vilivyoungua kwa kuchomelea simu za watu. "Na muzee hashituke. Anafuta ubao, anaendelea na somo."

Mtu ninayemzungumzia hakuwa mchawi, ingawa zipo jioni ambazo ningependa awe, maana mchawi ukimlipa kuku anakuacha. Yeye alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya jioni hapa Goma, na somo lake lilikuwa moja: nani anaruhusiwa kufikia nini ndani ya mashine. Somo ambalo mtu mwingine angelimaliza kwa kusema "weka neno la siri, nenda nyumbani" yeye alilitandaza miaka mitatu. Kwa chaki. Katika miaka hiyo mitatu niligusa kompyuta mara kumi na moja, na mara nne kati ya hizo hakukuwa na umeme.

Alichora hivi. Mviringo uliojazwa chaki ni mtu. Mviringo mtupu ni kitu: faili, daftari, mashine ya kuchapisha. Kutoka kwa mtu mshale unakwenda kwa kitu, au kwa mtu mwingine, na juu ya mshale anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kifaransa. L, huyu anaweza kusoma kile. E, anaweza kuandika. Hizo hata shangazi yangu alizielewa. Taabu ilikuwa P na D. P: huyu anaweza kuchukua kwa yule ruhusa yoyote aliyo nayo yule. D: huyu anaweza kumpa yule ruhusa yoyote aliyo nayo mwenyewe. Basi. Herufi nne, ambazo zilinitesa kuliko jeshi lolote lililowahi kupita katika mji huu, na yamepita mengi.

Kwa sababu hakukubali kamwe kuuliza swali ambalo mtu angeweza kulijibu kwa kutazama ubao. Unatazama, unaona hakuna mshale kutoka kwa katibu kwenda kwenye faili, unasema: katibu hawezi kusoma. Mwalimu anafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Sikukuuliza katibu iko na nini leo. Nimekuuliza ataweza kupata nini."

"Mwalimu, lakini mushale hakuna."

"Mushale wa leo hakuna. Wa kesho je?"

Hapo ndipo unaanza kutembea. Katibu ana P kwa msaidizi, mkurugenzi ana D kwa msaidizi, na mkurugenzi anasoma faili. Hatua tatu, na katibu aliyekuwa hana kitu sasa anasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ukimaliza kutembea hatua hizo jioni nzima, umetoka jasho, unadhani sasa atasema vizuri. Hasemi vizuri. Anafuta mshale mmoja katikati kwa kiganja, suruali yake inapata mstari mwingine mweupe, halafu anauliza: "Na sasa?"

Msemo wake tuliusikia mpaka tukauota: "Usiniambie nani iko na ufunguo. Niambie nani anaweza kuupata." Alituambia sisi, alimwambia mkuu wa shule, alimwambia mama muuza maandazi aliyemuuliza kama darasa limekwisha. Mama yule akajibu, "Papa, mimi niko na maandazi tu," na Mwalimu akanunua mawili.

Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika kama vile unalipwa kwa kukatika, alitutoa uani. Uani ni mawe ya volkano tupu, meusi, makali, yanakula viatu. Alituwekea mawe kama faili, sisi tukawa watu, na akatufunga kwa kamba za kufungia mizigo kwenye chukudu, vile vigari vyetu vya mbao vya magurudumu mawili. Kamba yenye kitambaa chekundu ni P, yenye kitambaa cheupe ni D. Tunasimama hapo watu wazima thelathini, mmoja ana wajukuu, tumefungwa kiunoni kama mbuzi wa sokoni, na Mwalimu anatembea kati yetu na daftari. Majirani walikuja kuchungulia juu ya ukuta. Mama mmoja aliuliza kama sala itaanza saa ngapi.

Uani ndiko alikotufundisha kile alichokiita kisiwa. Alisema: watu wawili wakiunganishwa na P au D, wahesabuni kuwa mtu mmoja. Anachokijua mmoja, andikeni kwamba wote wanakijua. Fundi wa Birere alipinga.

"Mwalimu, kamba inatoka kwangu inaenda kwake. Mimi njo ninaweza kumupa. Yeye hawezi kunipa."

"Mukielewana je?"

"Kuelewana namna gani?"

"Namna munavyoelewana kuiba majibu ya interro yangu."

Watu walicheka, na Mwalimu akatuonyesha kwa kamba, polepole, jinsi wawili wakishaelewana kamba inavyofanya kazi pande zote mbili. Ilichukua saa nzima. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo liliudhi zaidi. Halafu akaja kwangu, akahesabu kamba nilizofungwa, moja kwa kila mtu ninayepeana naye habari. Zilikuwa tisa, wenzangu walikuwa na mbili, tatu.

"Wewe," akaniambia, "si mutu. Uko kisiwa."

Sikuona kosa langu. Mchana nilikuwa mpokezi katika kituo kidogo cha afya. Nilikaa mlangoni, niliandika majina, niliwaonyesha watu benchi la kusubiri, na kwa kuwa Mungu hakuninyima mdomo, nilikuwa najulikana toka uwanja wa ndege mpaka ziwani. Waliniita Radio. Mtu akipoteza mbuzi, ananiuliza. Nilidhani hiyo ni sifa.

Lakini kituo chetu kilikuwa na kabati la chuma, ndani ya chumba cha Mama Titulaire, ndivyo tunavyomwita muuguzi anayeshika kituo. Ndani ya kabati hilo zilikaa faili za kina mama waliotoka Kibumba, Rutshuru, Masisi, waliokuja kutibiwa na kusema walichotendewa mashambani na barabarani. Na walisema ni nani aliwatendea. Jina, kijiji, wakati mwingine cheo. Wengine kati ya waliotajwa walikuwa na bunduki, na bado wanazo. Faili hizo zikifika mikononi mwao, mama aliyeongea Jumatatu hafiki Jumapili. Kila mtu kituoni alilijua hilo, na hakuna aliyelisema kwa sauti, hata mimi.

Ufunguo wa kabati alikuwa nao Mama Titulaire. Ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi.

Hapa kwetu mtu akikimbia, ufunguo anauacha. Anayesoma haya kutoka nje asidhani ni uzembe. Ni adabu, na ni akili. Ukisikia mabomu upande wa Kibati unachukua watoto, godoro, sufuria, na ufunguo unampa jirani anayesema yeye habanduki. Nyumba yenye ufunguo kwa jirani ina mtu. Nyumba iliyofungwa tu, wezi wanaijua. Jirani naye akibadili mawazo, anaupitisha kwa mwingine aliyebaki. Watu wakirudi, funguo zinarudi zikitembea kwa mkono, mlango kwa mlango, na ni nadra sana upotee.

Basi waasi walipoingia mjini mara ya kwanza, mimi nikiwa mwaka wa pili pale shuleni, nilifanya kama kila mtu. Kifungu changu chote cha funguo, pamoja na ule wa kabati, nilimpa mama muuza makara, yaani makaa, anayekaa nyuma yetu, nikakimbilia Sake na familia. Baada ya siku nane nilirudi. Ufunguo niliupokea kutoka kwa pasta ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu, akatabasamu, akaniombea. Kabati lilikuwa limefungwa, faili zote ndani. Nilifurahi hata nikasimulia darasani kama kichekesho, nikiigiza sauti ya pasta. Darasa zima lilicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka.

Mwalimu hakucheka. Alininyooshea chaki. "Chora."

Nilichora. Mimi, D kwenda kwa mama wa makara. Yeye, D kwa binti yake. Binti, D kwa fundi cherehani. Kufikia siku hiyo nilikuwa nawajua wote, nimekwisha kuuliza njia nzima kwa furaha. Miviringo saba, wa mwisho pasta.

"Na pasta anaishi na nani?"

"Na muke wake. Na shemeji."

"Shemeji anafanya kazi gani?"

Nilikuwa najua, maana najua kila kitu. "Dereva."

"Wa nani?"

Nikamtaja. Alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa hao walioingia, na mkubwa huyo jina lake, kama nilivyosikia baadaye, lilikuwa ndani ya kabati mara tatu.

Mwalimu aliweka chaki mezani. Alitutuma nyumbani saa nzima kabla ya wakati, jambo ambalo hakulifanya hata siku risasi ilipopita paani. Fundi alifurahi, tukaenda kunywa chai. Mimi nilikunywa nikiwa nimekasirika. Faili hazikupotea. Hakuna aliyefungua. Mtu ananiharibia hadithi nzuri kwa jambo ambalo halikutokea.

Wiki iliyofuata alikuja kituoni. Hakuniamkia vizuri, alipita mlangoni kwangu kama anapita mti, akaenda kwa Mama Titulaire. Kituo kilikuwa kimepata kompyuta mbili na sahani ya umeme wa jua, na walikuwa wanataka kuhamishia faili humo. Mwalimu akajitolea kuchora nani atafikia nini. Mama akakubali. Nadhani alifikiri ni kazi ya mchana mmoja.

Ilikuwa wiki saba. Alituuliza maswali ambayo hata kasisi hakuulizi. Ukiumwa, nani anachukua nafasi yako? Simu yako nani anaijua namba ya kuifungua? Muke wako iko na kaka? Kaka anakunywa wapi? Aligundua kwamba neno la siri la kompyuta ya kwanza lilikuwa limeandikwa chini ya kalenda, na nakala yake kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amempa mtu wa jenereta kwa ajili ya kuangalia mpira. Aliandika yote. Mama Titulaire, mwanamke ambaye nimemwona akizalisha mapacha huku akitoa maagizo ya chakula cha mchana, siku moja alitoka chumbani akakaa benchi la wagonjwa.

"Radio," aliniambia, "huyu mwalimu wenu, nyumbani kwake anaishije?"

Anaishije. Hapo ndipo penye kichaa chenyewe. Mtu huyo aliyetufundisha kwamba asiyetajwa kwenye mchoro hana haki ya kugusa hata kipande cha chaki, nyumba yake ya mbao kule Buhene ilikuwa haina kufuli. Nilikwenda kumpelekea kazi ya nyumbani, nikakuta mwendesha chukudu nisiyemjua amelala sebuleni, watoto wa jirani wanakula ndizi zake, na mwavuli wake, ule mmoja, alikuwa amempa mpita njia asubuhi bila kumuuliza jina. Nikamwambia: Mwalimu, na kisiwa je? Na P na D? Akaniangalia kana kwamba ndiye mimi mjinga.

"Humu ndani kuna nini cha kumuua mutu?"

"Hakuna."

"Basi."

Na hakuogopa panapopaswa kuogopwa. Waasi wakiwa bado mjini ile mara ya kwanza, aliitwa kwenye kizuizi cha barabarani na karatasi zake mkononi, karatasi ndefu za kahawia za kufungia sukari, zimejaa miviringo na mishale. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Askari akaikunjua, akamwita komanda wake, na komanda akasema kile ambacho mtu yeyote angesema: huu ni mpango wa vita. Mtu mwenye akili hapo analia, anataja watoto. Mwalimu alimsahihisha.

"Hapana, komanda. Mushale wa vita unaonyesha mutu anaenda wapi. Huu unaonyesha anaweza kupata nini. Wewe kwa mufano. Ghala yako ya risasi, nani anaisoma orodha?"

"Mimi peke yangu."

"Mupishi wako anaingia kwako?"

Walikaa juu ya jiwe dakika arobaini. Sisi kwenye foleni tulikaa juu ya mawe mengine, juani. Mwisho wake komanda alisimama akamwita mpishi kwa sauti ambayo haikuwa ya kuagiza chakula, na Mwalimu akakunja karatasi yake, akapita, bila hata kutugeukia. Ningekuwa na jiwe dogo ningemtupia.

Basi ile wiki ya saba alibandika mchoro wa kituo ukutani kwa Mama Titulaire, karatasi nne zilizounganishwa. Tuliitwa wote kuuona. Nilimtafuta mfagizi: yupo, ana mshale kwenda kwenye orodha ya sabuni. Mlinzi: ana mshale kwenda kwenye daftari la magari. Faili za kina mama zilikuwa mviringo mtupu juu kabisa, na mishale miwili tu iliyofika huko, ya watu wawili wasio na majina, namba tu. Ilikuwa lazima wote wawili wawepo ili zifunguke. Mpaka leo sijui ni akina nani, na nimejaribu kujua, Mungu ananiona.

Mimi nilikuwa chini kushoto, karibu na mlango. Mviringo uliojazwa vizuri, mkubwa kuliko wa wengine. Bila mshale hata mmoja.

Nilisikia jasho likishuka mpaka soksi. "Mwalimu," nikasema, "mbona mimi sina mushale?"

"Njo vile uko."

"Vile niko namna gani?"

"Soma tena sura ya tatu."

Sura ya tatu ya daftari la somo lake nilikuwa nimeisoma mara kumi na mbili. Inahusu visiwa. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mke wangu zilipo nguo zangu nzuri na nani apewe redio. Aliniuliza kama nimekunywa. Kwa mwaka mzima nilivuka barabara kama mtu amebeba mayai. Mwaka ulipokwisha na mimi mzima, nilikwenda Birere kumdai fundi maelezo, akafikiri kidogo akasema mwaka wa Mwalimu labda si wa miezi kumi na miwili.

Na huku nyuma, kazini, ilikuwa aibu tupu. Mimi mwenye diploma ya kompyuta nilikuwa naandika jina la mgonjwa kwenye ukurasa mmoja wa mashine, nabonyeza, linaondoka, silioni tena. Mgonjwa akirudi baada ya dakika kumi kuuliza kama nimekosea herufi, namwambia mama, mimi sina habari. Mimi, Radio, sina habari. Watu walidhani nimeugua. Walizoea polepole kutoniuliza mambo ya kituo, wakabaki kuniuliza mbuzi. Nilimwandikia Mwalimu barua ya malalamiko, kurasa mbili. Alinirudishia imesahihishwa kwa bic nyekundu, tano juu ya kumi. Pembeni aliandika: *hujathibitisha.*

Miaka ikapita. Volkano ikalipuka, anga ikawa nyekundu, mji mzima ukashika njia ya Sake. Mwalimu nilimkuta njia panda, amesimama juu ya jiwe, hana mzigo wala godoro, ana daftari. Anaandika nani anampa nani ufunguo. Watu wanapiga kelele, mbuzi wanapita kati ya miguu ya watu, na yeye anamuuliza mwanamke mwenye sufuria kichwani: samahani mama, huyu uliyemupa, ni jirani wa kulia ao wa kushoto? Nilimvuta mkono. Alikataa kuja mpaka ukurasa ujae. Nyumba yake ya Buhene ilikwenda na moto pamoja na kila kitu. Nilipompa pole alisema mlango alikuwa ameuacha wazi, na sijajua mpaka leo kama huo ulikuwa mzaha. Akahamia Kibumba, kwa dada yake, akaanza kulima viazi.

Halafu waasi wakarudi. Safari hii walikuja kituoni mchana, watu sita, gari moja. Mama Titulaire alikuwa ametoka kuchanja watoto upande wa Kibati. Nani alikuwa mlangoni? Mimi.

Walinichukua siku mbili. Walitaka faili za kina mama, na walijua zipo, na walikuwa wameambiwa mjini kwamba Radio anajua kila kitu. Hiyo ndiyo sifa yangu, ilinitangulia mpaka huko. Mkubwa wao alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makofi ya wenzake. Aliniuliza, nikasema sijui. Akauliza tena usiku kucha na asubuhi. Nilisema sijui kwa Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, na Lingala kidogo. Siwezi kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba ningekuwa najua nisingesema. Siku ya pili, jioni ile walipoleta waya, ningesema. Ningesema na mambo ambayo hayapo. Lakini hakukuwa na kitu cha kusema, na hata hofu ilipoitikisa sauti yangu, ilikuwa sauti ya mtu asiyejua kweli, na nadhani yule mpole alikuwa amesikia sauti za kila aina akaijua hiyo.

Walimwita kijana wao wa mashine, wakanikalisha mbele ya kompyuta yetu waliyoibeba, nikaandika jina langu na neno langu. Ukatokea ule ukurasa wangu mmoja. Kijana akachungulia, akapekua, akacheka.

"Mukubwa, huyu hana kitu. Mufagizi anamupita."

Waliniachia asubuhi yake, na yule mpole akanipa maji ya kunawa uso. Na mimi, badala ya kushukuru, nilirudi nyumbani kwa miguu nikimlaani Mwalimu kwa kila hatua. Kule ndani, kila nilipotazama ukuta, nilikuwa nauona ule mviringo wangu. Nilijiambia: umefika. Umechelewa, lakini umefika.

Mwezi mmoja baadaye Mama Titulaire aliniambia anampelekea Mwalimu dawa za presha, njoo twende. Tulipanda pikipiki mbili. Kibumba kulikuwa na baridi na ukungu, viazi vimechanua kati ya mawe. Mwalimu alikuwa amepungua, koti limemzidi, chaki hana lakini suruali ina mstari wa udongo palepale. Hakunikaribisha. Alishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akatazama kucha moja baada ya nyingine, akavihesabu vidole kama mkunga.

"Unatembea vizuri?"

"Natembea, Mwalimu."

"Unalala?"

"Kidogo."

"Walikuuliza mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Unapashwa kuhesabu," akasema. Kisha, akiwa bado ameshika mikono yangu: "Ulijibu nini?"

"Sijui."

"Mara zote?"

"Mara zote, Mwalimu. Nilikuwa sijui kweli."

Aliachia mikono. Akageuka akang'oa magugu kwenye mstari wa viazi, mgongo kwetu, na Mama Titulaire akaanza kupanga vidonge mezani bila sababu, maana vilikuwa vimepangwa. Nilisubiri aseme kitu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesubiri aseme kitu. Alipogeuka aliniuliza kama najua kuchagua mbegu ya viazi, nikasema sijui, akanifundisha, na alikuwa ananikasirikia mpaka mwisho kwa jinsi ninavyokata. Alitupa gunia dogo kila mmoja. Alikataa tumshukuru.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea barabarani, gunia begani, nilimwambia Mama kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa fundi na mke wangu. Mviringo usio na mshale. Mlinzi wa shule, binti wa Beni, mpishi wa kantini. Kwamba Mwalimu alinichora nife, na ilibaki kidogo.

Mama Titulaire alisimama. Aliweka gunia chini, akanitazama kama anavyotazama mtu aliyekunywa vidonge vya wiki nzima kwa siku moja.

"Papa," alisema, "hao wote nilikuwa ninawatibu. Mulinzi alienda Bukavu kwa mutoto wake. Binti wa Beni aliolewa. Mupishi alifukuzwa juu aliunguza sombe. Hakuna mutu alikufa. Wewe njo ulikuwa unaketi kwa mulango, na muzee alijua siku wakikuja wataanza na wewe. Aliniambia, huyu wakimupiga, asikuwe na kitu cha kuwapa. Sisi wawili tulikaa siku tatu tukitafuta namna ya kukuachia ata mushale mumoja. Tulikosa."